Kipande cha Chuma Nilichokipeleka India

Uwanja wa ndege wa Mombasa uko huku kwetu Changamwe, na tangu nianze kushika chuma ndege zinapita juu ya bati langu zikishuka na kupaa. Nilikuwa nazijua kwa mlio. Lakini siku niliyopanda mwenyewe kwa mara ya kwanza, kijana wa ukaguzi alinisimamisha mbele ya watu, akafungua mkoba wangu wa mkononi, akatoa leso ya mke wangu, akaifunua.

"Mzee, hii ni nini?"

"Chuma."

"Naona ni chuma. Cha nini?"

"Cha shule."

Wenzake wakacheka. Akakigeuzageuza. Kilikuwa kipande cha pande sita, kila upande sawa na mwenziwe, kinajaa kiganjani kama sabuni ya mche iliyokatwa kwa haki. Nilikipiga tupa kwa mkono, si kwa mashine, mpaka nilipokiwekea skwea, kile kipimo cha pembe, mwanga haukupata pa kupenya. Nikamwambia yule kijana, "Kiangalie vizuri. Hutakiona kingine kama hicho Pwani yote."

"Kikiwa kizuri hivyo, mzee, kipeleke kwenye mizigo ya chini. Ndani ya ndege haingii mtu na chuma."

Nikakipeleka. Sikuwa na la kufanya. Ila nilihakikisha na yule wa mizigo amekitazama.

Sasa nieleze mimi ni nani, kwa wale wachache wasionijua. Trela zinazotoka Kipevu na makontena kupanda bara, nyingi zimeshalala uwanjani kwangu. Fremu ikipasuka, ikipinda, ikikataa kwenda sawa barabarani, madereva huambiana, peleka kwa yule. Shule niliiachia darasa la tano huko Rabai. Nikashuka Changamwe kupara kutu kwenye matangi, nikajifundisha kuchomelea kwa kuchungulia wenzangu, nikaharibu macho kidogo, nikanunua mashine yangu, nikajenga nyumba ya mawe. Hakuna aliyenishika mkono. Kanisani wameshanialika niwaeleze vijana nilivyofika hapa, na kila mara muda huisha kabla sijafika mahali penyewe.

Binti yangu ni kifungua mimba. Huyo nilimlea mbali na chuma makusudi. Nyumba iko nyuma ya karakana, na katikati nilipandisha ukuta ili cheche na matusi ya madereva visimfikie. Akileta chai nilimpokea mlangoni, kizingiti hakukivuka. Watu wakaniuliza, mbona humwonyeshi mtoto kazi? Nikawaambia huyu atakuja kuwaandikia watu kama mimi kazi ya kufanya, kwa hiyo mwacheni na vitabu vyake. Ukimpa mkono ungedhani umemsalimia mtoto wa waziri. Nilijivunia hilo, na leo ukiniuliza, bado najivunia.

Alipomaliza sekondari alama zake zilikuwa za kutangazwa, nami nikazitangaza. Akapata nafasi ya kusomea uinjinia katika chuo kimoja cha zamani sana kaskazini mwa India. Mimi nilikuwa sijakisikia. Baada ya wiki moja nilikuwa nakieleza kuliko waliokisoma.

Chuo kile kilianza kwa sababu ya mfereji. Waingereza walipoitawala India walitaka kuyatoa maji ya mto mkubwa kule yanakoshukia milimani, wayapeleke mbali mashambani. Wakakuta hawana watu wa kutosha wa kupima ardhi, kusimamia wachimbaji na kujenga madaraja. Wakafungua darasa papo hapo, karibu na mfereji wenyewe. Darasa likawa skuli, skuli ikawa chuo, Waingereza wakaenda zao chuo kikabaki, hadi kikawa chuo kikuu kinachofundisha mpaka mambo ya setilaiti. Mwanangu alikuwa akinisimulia kwenye simu, nami nayachukua hivyo hivyo mpaka hoteli ya chai hapa barabarani. Madereva wakiniona naingia wanaulizana, "Haya, leo mfereji umefika wapi?"

Mwaka wa kwanza kule wanasoma wote pamoja, awe mtu wa madaraja, wa umeme au wa kompyuta. Hesabu, fizikia, kemia, kuchora kwa penseli kwenye mbao kubwa za kuinamia, na karakana. Karakana yenyewe ni ya tangu enzi za mfereji, wakati chuo kilipolazimika kujitengenezea malango ya maji. Na humo kumebaki desturi moja ambayo hakuna mkuu wa chuo aliyethubutu kuigusa. Kila mwanafunzi hupewa kipande cha chuma kilichokatwa ovyo na tupa moja, akifanye sawa pande zote sita kwa mikono yake. Wanasema atakayekuja kutia sahihi chini ya daraja lazima ajue chuma kinavyokataa. Mwalimu wa karakana akikirudisha, unaanza kingine. Akikirudisha mara ya tatu, unarudia mwaka mzima, hata kama katika hesabu umewashinda wote.

Mwanangu katika hesabu alikuwa amewashinda wote. Chuma kilikuwa kimerudishwa mara mbili.

Alituambia siku ya Jumapili, tumetoka kanisani, mama yake ameiegemeza simu kwenye chupa ya chai ili tumwone sote wawili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekushuka?"

"Baba, chuma kinanishinda."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha. Binti yangu mimi, chuma kimshinde!

"Kinakushindaje?"

"Kinaota tumbo. Nikipiga tupa, kandokando panashuka, katikati panabaki juu. Mwalimu akiweka kipimo, mwanga unapita huku na huku."

"Tupa inakuyumbia hiyo. Unaibembeleza. Ishike vizuri."

"Vizuri vipi, baba?"

Nikafungua mdomo nikakosa pa kuanzia. Mikono yangu inajua, lakini haijawahi kuulizwa swali. Nikasimama, nikainua mikono mitupu, nikawa nasukuma hewa pale sebuleni.

Mke wangu akasema, "Mwanamume wewe, mtoto anaona kidevu tu."

Binti akacheka kidogo, kisha akaacha. Akasema, "Nikirudia mwaka sitaweza, baba. Kukaa darasani na watoto wapya, wenzangu wamepita mbele. Mara ya tatu akikikataa, mimi narudi nyumbani."

Mama yake akaniangalia. Mimi niliyejaza Changamwe nzima habari za chuo kile, nikaitazama ile chupa ya chai.

Jumatatu asubuhi nilimfukuza kila mtu kwenye jiliwa langu, nikabana kipande cha chuma, nikavua shati. Kazi ya mkono siifanyi tena siku hizi, nina vijana. Lakini mikono haikuwa imesahau. Mke wangu alikuja na uji akakuta ninapuliza unga wa chuma.

"Unafanya nini?"

"Kazi ya shule."

"Ya nani?"

"Ya mwanao."

"Na yeye atafanya nini?"

"Atapumzika."

Akaweka uji juu ya fuawe. "Na wakimuuliza kimetoka wapi?"

"Nani atamuuliza? Chuma hakina sura."

"Chako kina sura," akasema. "Kina majivuno. Kitaanza kusema chenyewe kabla hajafika nacho mlangoni." Lakini leso ya kukifungia alinipa yeye, mpya, na akanifungia na achari ya maembe na dagaa wa kukaanga. Alitaka nifike. Sote tulitaka nifike kabla ya ile mara ya tatu.

Safari yenyewe siielezi sana. Nilikaa dirishani, nikala kila nilicholetewa. Nilishuka treni ya mwisho mji wa chuo, asubuhi, baridi inauma, na mwanangu akanijia mbio katikati ya watu akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekonda."

"Wewe umenenepa."

Nikamshika mikono. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa plasta, na viganjani malengelenge, mengine yamepasuka. Nilitaka kusema neno, nikamwuliza chakula cha huku kikoje.

Kipande kilitakiwa kesho yake. Lakini siku ile hakutaka kukisikia. Alitaka nione chuo kwanza. Akanitembeza kama mwenye mji. Ni mahali pakubwa, miti mirefu, majengo ya zamani ya matofali yenye nguzo nene na matao, na nyuma yake majengo mapya ya vioo. Wanafunzi wanapita na baiskeli. Akaniingiza katika ukumbi wa kale wenye mbao ukutani zilizoandikwa majina ya waliomaliza, mistari na mistari, juu Waingereza watupu, kisha Waingereza na Wahindi, kisha Wahindi.

"Tazama, baba, kuanzia pale juu mpaka hapa hakuna mwanamke hata mmoja. Wa kwanza yuko hapa chini." Akaligusa jina lile kwa kidole chenye plasta. "Sijui alikuwa nani. Kila nikipita namgusa."

"Na yeye alipewa chuma?"

"Wote wanapewa, baba."

Akanionyesha maabara ya maji, ambako wamejenga mto mdogo wa mchanga na saruji ndani ya nyumba. Wanafungulia maji wanaangalia ukingo unavyoliwa, kabla ya kwenda kujenga daraja kwenye mto wa kweli. Akanionyesha meza kubwa inayotikiswa kwa mashine, juu yake kijumba, wanajifunza tetemeko linavyoangusha nyumba. Alikuwa akieleza kwa mikono, uso umemfunguka, maneno ya kitaalamu yanamtoka bila kuyatafuta, na mimi nilikuwa nikisema "mh" mahali pasipo na mh. Sikuelewa nusu yake. Nilikuwa namtazama yeye.

Mwisho tukafika kwenye mfereji. Mimi nilidhani ni mtaro. Lo! Ni mto mzima, lakini mto uliopigwa rula. Maji yamejaa kingo kwa kingo, yanakwenda kasi bila kelele, na yamekuwa yakienda hivyo tangu kabla babu yangu hajazaliwa. Tukakaa kwenye ngazi za mawe.

"Baba, waliosomea hapa walitawanyika kila mahali," akasema. "Wahindi waliokuja kwetu kupima reli, yawezekana mmojawapo alikaa kwenye ngazi hizi. Ile reli inayopita pale chini ya Changamwe."

"Basi ni jirani yetu," nikasema, nikaona wakati ndio huo. Nikatoa leso, nikaifungua magotini.

Alikitazama kipande kwa muda. Akakichukua kwa vidole viwili, akakiweka kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kile kizima juu ya uso wake. Macho yakamjaa maji.

"Baba, hiki umekipiga mwenyewe?"

"Nani mwingine angeweza?"

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono. Kesho unampelekea mwalimu wako, mchezo umekwisha."

"Ni kizuri mno. Atajua."

"Basi nikuambie cha kufanya. Chukua tupa, upande mmoja ukwaruze kidogo, uharibu. Kiwe kizuri cha mtu wa kawaida."

Akacheka huku anajifuta. Halafu akakifunga ndani ya leso, fundo moja, fundo la pili, akanirudishia mapajani.

"Hapana, baba."

"Hapana nini?"

"Sitakipeleka."

Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia nimevuka bahari kwa ajili ya kipande kile. Nikamwambia huko nyumbani watu wananisubiri. Nikamwambia nilikuwa napara kutu nikiwa mdogo kuliko yeye ili yeye asiwahi kushika tupa, sasa tupa ndiyo imrudishe?

"Ndiyo maana, baba," akasema taratibu. "Wenzangu wananiuliza, babako anafanya kazi gani? Nasema fundi wa chuma. Wanasema basi wewe kwako ni mchezo. Na mimi sijui hata tupa inashikwaje. Nikipita na chuma chako nitakuwa bado sijui."

"Na ukirudishwa?"

"Nikirudishwa narudi nyumbani. Lakini nirudi na changu."

Nikaitia leso mfukoni, nikainuka. Tulirudi njia yote nikiwa mbele yeye nyuma, kama watu wasiojuana.

Asubuhi yake nikamwambia nataka kumwona huyo mwalimu. Nilikuwa na nia ya kumweleza mambo, mtu mzima kwa mtu mzima. Kipande kilikuwa mfukoni mwa koti. Sikuwa nimekiacha chumbani kwa sababu wanaofagia siwajui.

Karakana ile, nikisema ukweli, ilinishika. Paa refu la mabati na mbao, madirisha ya juu yanamwaga mwanga, mashine za kukereza za siku hizi upande mmoja, na upande wa pili zile za kale zilizokuwa zikizungushwa kwa mikanda, zimepakwa mafuta zinang'aa ingawa hazifanyi kazi. Meza ndefu za mbao zimechimbika kwa vizazi vya viwiko. Majiliwa yamepangwa mistari, wanafunzi wamesimama wanasukuma, kelele ya tupa imejaa hewani. Harufu ni ile ile ya kwangu.

Mwalimu alikuwa mtu mfupi, tumbo mbele, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, anatafuna iliki. Wanafunzi wanamwita Ustad, kama sisi tunavyomwita mwalimu wa madrasa. Kiingereza chake na changu vilikuwa ndugu, vyote vibovu, ikabidi mwanangu asimame katikati. Tukapeana mikono. Akaushika wangu akaukagua kama mtu anayekagua tairi.

"Anauliza kazi yako nini," mwanangu akasema.

"Mwambie mimi ndiye fundi wa trela mkubwa Mombasa nzima, kuanzia Kipevu hadi Mariakani, na hakuna gari lililotoka kwangu likarudi."

Mwanangu akasema neno moja.

"Hayo yote umeyasema kwa neno moja?"

"Nimesema fundi, baba."

Ustad akacheka, akasema kitu huku akimwonyesha mwanangu kwa kidevu. Mwanangu akatazama chini.

"Anasema nini?"

"Anasema, baba fundi, na binti tupa inamchezea. Anauliza kama huo ufundi ni wa kweli au ni wa mdomo."

Wa mdomo! Wacheni, jamani. Ningekuwa na akili zangu zote ningetabasamu nikanyamaza. Lakini mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni. Nikaitoa leso, nikafungua mafundo, nikamwekea kipande mkononi mwake mbele ya darasa zima.

Mwanangu akavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji.

Ustad akavaa miwani. Akatoa skwea yake, akakiweka upande wa kwanza akainua kwenye dirisha. Wa pili. Wa tatu. Tupa za jirani zikaanza kunyamaza moja moja. Alipomaliza pande zote akarudia ule wa kwanza, kama asiyeamini. Kisha akakitua mezani polepole, akamtazama mwanangu, akanitazama mimi, akauliza swali fupi. Hakuwa anacheka tena.

Mwanangu akalitafsiri polepole. "Anauliza umekileta cha nini."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Siku ya mwisho ya binti, baba ametoka Afrika na kipande kile kile kinachotakiwa, saizi ile ile. Nilimwangalia mwanangu. Alikuwa amesimama wima, mikono pembeni, hajui kama dakika inayofuata yeye ni mwanafunzi au si mwanafunzi. Hakunikonyeza, hakuniomba. Angetafsiri lolote ambalo ningesema.

"Mwambie nimemletea zawadi," nikasema. "Sisi Pwani hatuendi kwa mwalimu wa mtoto mikono mitupu. Wengine hupeleka halua. Mimi chuma."

Akalisema. Ustad akanitazama kwa muda mrefu, iliki imesimama shavuni. Alijua. Mtu anayeshika chuma cha vijana miaka yote hiyo, hajui? Halafu akakichukua kipande, akakitia kwenye mfuko wake wa shati, shati likalalia upande mmoja kwa uzito, akaweka mkono kifuani kunishukuru. Wanafunzi wakapiga makofi.

Kwa hiyo kikaenda. Kazi yangu yote, mfukoni mwa mtu mwingine, na mwanangu hana kitu ila kipande chake kilichobanwa kwenye jiliwa, upande mmoja bado una tumbo.

Ustad akanivutia kigoda karibu na meza ya mwanangu. Akasema maneno, na safari hii mwanangu akatabasamu kidogo. "Anasema ukae hapa mpaka nimalize. Mdomo unaruhusiwa. Mikono hapana. Anasema chuma hakisikii maneno, kwa hiyo haitakuwa wizi."

Nikakaa. Nikaikalia mikono yangu, haki ya Mungu, nikaiweka chini ya mapaja.

Akaanza kusukuma, na ilikuwa kama kutazama mtu anazama nawe umefungwa kamba. Tupa ikayumba kushoto, ikayumba kulia.

"Miguu," nikasema. "Usisimame kama uko kwenye kwaya. Wa kushoto mbele. Mbele zaidi. Haya."

"Hivi?"

"Hivyo. Sasa kiwiko kisipae. Kiende na tupa, sambamba, kama droo inaingia kabatini. Ukisukuma, kandamiza. Ukirudi, inua. Inapokwenda ndiyo inakula, inaporudi haili kitu, unaichosha bure."

"Hakuna aliyeniambia inaporudi niinue."

"Labda walikuambia kwa lugha yao. Tupa imejaa unga huo, isugue chaki. Isugue vizuri, meno yake yasizibe. Eeh."

Nikasema na kusema. Sikuwahi kujua kama hayo yote yamo ndani yangu. Yalikuwa yanatoka moja likivuta jingine, mengine nikiyasikia kwa mara ya kwanza kwa masikio yangu mwenyewe. Kijana wa meza ya pili akaanza kusogeza miguu yake naye, ingawa Kiswahili hakijui. Mwanangu jasho linamdondoka puani. Plasta ya kidole ikatoka, akaitupa chini.

Kisha mlio ukabadilika. Anayeijua kazi hii anaujua: tupa ikiyumba inalia kama mlango, ikilala sawa inalia nzito, sauti moja toka mwanzo wa chuma hadi mwisho. Nikausikia mara moja, ukapotea, ukarudi. Nilikuwa katikati ya sentensi. Nikaiacha hapo hapo. Sikuthubutu hata kukohoa. Akaendelea kusukuma, akageuza upande, akapima, akasukuma, na hakuniuliza kitu tena, nami nikakaa kimya mpaka mwanga wa madirishani ukahamia ukuta wa pili.

Alipomaliza akakifuta kwa kitambaa, akampelekea Ustad kwa mikono miwili.

Upande wa kwanza ukapita. Wa pili. Wa tatu akaushikilia dirishani, akaugeuza, akasonya kidogo. Mwanangu akashika ukingo wa meza. Wa nne, wa tano, wa sita. Akarudi kwenye ule wa tatu. Hata mimi nilipokuwa nimekaa niliuona ule uzi wa mwanga kwenye pembe, mwembamba kama unywele. Ustad akashusha miwani. Akamtazama mwanangu mikono, si uso. Kisha akafungua droo, akatoa nyundo ndogo na mihuri ya namba, akakilaza kipande juu ya bamba, akapiga. Ta. Ta. Ta. Namba ya mwanangu ya chuo ikaingia ubavuni mwa chuma.

Hakumpongeza. Alimrudishia tu, akaita mwingine.

Tulitoka nje tukasimama kwenye baraza. Akanipa nikishike. Kilikuwa bado cha moto kwa mikono yake. Nikakipitishia kidole gumba pande zote, na nilipofika kwenye pembe ile sikusema neno.

"Imelala," akasema yeye. "Pembe hiyo. Mkono ulichoka, ukaniteremka nilipogeuza."

"Umeisikia?"

"Niliisikia saa ile ile. Ningeendelea ningeharibu na upande wa pili, nikaiacha."

Hapo nilitaka kumkumbatia lakini wanafunzi walikuwa wakipita, nikakohoa, nikamwambia tumpigie mama yake.

Mama yake akapokea kabla simu haijalia vizuri. Alikuwa ameishika tangu asubuhi.

"Enhe?"

"Amepita," nikasema.

Akapiga kigelegele kimoja ambacho bila shaka kilisikika hadi stesheni. Kisha akauliza, "Na kile chako?"

"Nimekigawa."

"Umekigawa! Na wewe umefanya nini huko siku nzima?"

"Nilikaa."

"Wewe, ukakaa? Nipe mtoto, sikuamini."

Nikampa mwanangu simu. Akaibana sikioni kwa bega, chuma mkono mmoja, akaanza. Mama, hujaona chuma kigumu kama kile. Mama, darasa zima lilinyamaza kunitazama. Mama, Ustad alikuwa hana la kusema, alitoa nyundo tu. Wanasema hakujapita kipande kama hiki miaka mingi. Mama, mpaka vijana wa meza ya pili wakawa wanaiga miguu yangu! Alikuwa anatembea huku na huku barazani, mkono wenye chuma unapepea hewani, sauti juu, watu wanageuka kumtazama. Nilisimama kando nikamsikiliza. Habari za pembe hakuzitaja, na mimi nikamwacha.